Siku ya Kuzaliwa Bila Keki

Mwezi ambao mtoto anatimiza mwaka ni mwezi wa furaha nyumbani, lakini kwa akina mama wengi ni mwezi wa hesabu vilevile. Mtoto ameanza kuulizia keki wiki mbili kabla. Ameiona kwa jirani, ameiona shuleni, ameiona katika picha kwenye simu ya dada yake. Mama anakwenda kuuliza bei kwa mwokaji, anarudi amenyamaza. Fedha inayotakiwa ndiyo ya unga wa nusu mwezi, au ndiyo ya madaftari na nauli. Akinunua keki, nyumba itakula kwa mkopo dukani. Asiponunua, anayaogopa macho ya mtoto.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mama huyo. Yanamhusu pia mama ambaye fedha anayo lakini hana jiko la kuokea, na mama ambaye daktari amemkataza mtoto wake vyakula vya ngano. Wote watatu wanauliza swali moja: ni kitu gani kitamu kinachoweza kukaa mahali pa keki, mtoto akaridhika kweli na wageni wakafurahi?

Jibu lipo, na viungo vyake vinauzwa katika genge la jirani. Lakini kabla ya kulifikia, hebu tutazame kwanza keki yenyewe inafanya kazi gani.

KWA NINI BISKUTI HAZITOSHI

Wazazi wengi wakiona keki imewashinda hukimbilia biskuti, pipi na soda. Hununua pakiti kadhaa, wakazimwaga kwenye sinia, na mwisho wa siku hugundua kwamba fedha iliyotumika si haba. Hata hivyo mtoto huonekana mnyonge. Wageni wakishaketi, huuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitakata nini?"

Swali hilo lina hekima ndani yake. Keki hufanya kazi nne ambazo pakiti ya biskuti haiwezi kuzifanya.

Kwanza, keki ni moja. Inawekwa katikati ya meza, na watu wote huizunguka na kuitazama pamoja.

Pili, mwenye siku yake ndiye anayeikata. Kwa dakika chache mtoto mdogo anashika kisu, huku watu wazima wamesimama wakimngoja.

Tatu, na hili ni letu hasa, keki hulishwa. Katika sherehe nyingi za kwetu mtoto huchukua kipande akamlisha mama, akamlisha baba, bibi, mwalimu wake na rafiki zake mmoja mmoja, huku vigelegele na makofi vikisikika. Nao humlisha yeye. Hapo ndipo mtoto anapoona kwa macho yake nani na nani wanampenda.

Nne, keki hailiwi kila siku. Utamu wake humwambia mtoto kwamba siku hii imetengwa kwa ajili yake.

Basi kitu kitakachochukua nafasi ya keki hakina budi kuwa kimoja, kikatike vipande, kishikike kwa vidole bila kumwagika, na kiwe kitamu kisichopikwa kila asubuhi. Tukitumia kipimo hiki, maandazi na vitumbua vinakosa alama, ingawa ni vitamu. Vimezoeleka mno, na hakuna cha kukatwa.

KEKI ILITOKEA PENYE TANURI

Yafaa tujue kwamba hakuna amri iliyosema siku ya kuzaliwa isherehekewe kwa unga wa ngano. Moja ya habari za zamani kabisa zilizoandikwa kuhusu keki ya siku ya kuzaliwa yenye mishumaa inatoka Ujerumani, mwaka 1746. Aliyesherehekewa ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila aliyekuwa kiongozi wa Wamoraviani, kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891. Habari hiyo yasema keki ilikuwa kubwa kadiri ya tanuri lililoweza kupatikana, ikatobolewa matundu kwa hesabu ya miaka yake, na katika kila tundu ukasimamishwa mshumaa.

Angalia jambo hilo la tanuri. Watu wale waliandaa kile ambacho majiko yao yaliweza kukipika na mashamba yao yaliweza kukitoa. Walikuwa na ngano, siagi na tanuri, wakaoka keki.

Mataifa mengine nayo yamefanya hivyohivyo kwa vitu vyao. Huko Korea, mtoto akifikisha siku 100, wazazi hupika mkate mweupe wa mchele kwa mvuke, na desturi yao ya zamani ilikuwa kuugawa kwa nyumba 100 ili mtoto aishi miaka mingi. Huko Ghana, wapo wanaoamka asubuhi ya siku ya kuzaliwa na kula viazi vikuu vilivyopondwa na kuchanganywa na mawese, juu yake mayai ya kuchemsha.

Hata sisi tumeshawahi kubadilisha keki, ila hatukuona kuwa ni ajabu. Nani hajahudhuria harusi akaona ndafu ikiingizwa ukumbini? Ni mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama kwenye meza yake, ana majani mdomoni. Watu humwita "keki ya Kichaga". Bwana na bibi harusi humkata, wakalishana, kisha wakawalisha wazazi wa pande zote mbili. Hakuna mgeni anayeondoka akilalamika kwamba keki haikuwa na krimu.

Kama mbuzi ameweza kuwa keki harusini, mkate wetu wa mchele utashindwaje kuwa keki ya mtoto?

MKATE WA KUMIMINA

Wakazi wa Unguja, Pemba na Dar es Salaam wanaujua mkate huu kwa jina la mkate wa kumimina. Wa Mombasa na Lamu wengi huuita mkate wa sinia. Hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Haukandwi wala hausukumwi. Rojo lake humiminwa tu chomboni, ndipo likapata jina hilo.

Sifa zake zinalingana na kazi tulizozitaja. Huiva ukiwa duara moja la kahawia lenye harufu ya iliki inayofika hadi kwa jirani. Hukatika vipande vya pembe tatu kama keki. Ndani ni laini, una vitundu vidogo, na mtoto anaweza kumlisha bibi yake bila makombo kumwagika kifuani. Hauhitaji tanuri, siagi wala unga wa ngano. Kwa familia za pwani ni mkate wa mwezi wa Ramadhani na wa sikukuu, kwa hiyo heshima yake ipo tangu zamani.

Mahitaji (vipande 8 hadi 10)

Mchele mweupe wa kawaida, vikombe 2
Tui zito la nazi, kikombe 1 na nusu
Sukari, robo tatu ya kikombe
Hamira, kijiko kidogo 1
Iliki iliyosagwa, nusu ya kijiko kidogo
Ute wa yai 1
Samli au mafuta kidogo ya kupaka sufuria

Namna ya kutayarisha

1. Chagua mchele, uoshe, uloweke katika maji mengi usiku kucha. Usiharakishe hatua hii. Mchele ambao haukulowana vizuri hautasagika ukalainika, na mkate utakuwa na chenga mdomoni.

2. Asubuhi mwaga maji yote, uchuje mchele vizuri.

3. Saga mchele pamoja na tui kwenye blenda mpaka upate rojo laini kabisa. Chukua kidogo kati ya vidole viwili usugue. Ukisikia chenga, endelea kusaga. Tui lisiwe la moto, kwani joto kali huua hamira. Kama huna blenda, mwombe jirani mwenye nayo. Siku ya mtoto ni siku ya mtaa pia.

4. Tia hamira na iliki, koroga, funika, uache mahali penye joto mpaka rojo liumuke na kujaa mapovu. Huchukua kama saa 1, na zaidi kidogo siku za baridi.

5. Tia sukari na ute wa yai, ukoroge taratibu. Rojo liwe zito kuliko uji wa kunywa, lakini limiminike lenyewe.

6. Chukua sufuria nzito yenye upana wa sentimita 20 hivi. Ipake samli chini na pembeni, iweke jikoni ipate moto, kisha mimina rojo. Acha nafasi juu, maana litapanda.

7. Funika. Moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika 10 hivi pembeni pataanza kushikana na juu patatoka vitundu. Hapo hamishia makaa mengi juu ya mfuniko wa bati, ubakize machache chini. Moto wa juu ndio utakaoupa mkate rangi.

8. Baada ya dakika nyingine 15 hadi 20 choma katikati kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, umeiva. Ngoja upoe kabisa kabla ya kuutoa na kuukata, kwa sababu mchele wa moto hung'ang'ania kisu.

Mama anayetumia jiko la gesi lisilo na tanuri asikate tamaa. Aupike kwa moto mdogo sana ukiwa umefunikwa mpaka juu pakauke, kisha augeuze kwenye kikaango kilichopakwa samli na kupata moto, ili upande wa pili nao upate rangi. Kama familia ina mtu asiyeruhusiwa mayai, ute wa yai unaweza kuachwa. Mkate utakuwa mzito kidogo lakini utaiva vizuri.

Neno moja la ushauri: jaribu kwanza mkate mdogo wiki moja kabla, kwa nusu ya vipimo hivi. Kila jiko lina tabia yake, na si busara kulijua lako wakati wageni wako mlangoni.

KWA WALIO MBALI NA MINAZI

Siku hizi nazi husafirishwa mpaka bara, lakini si kila soko linazo, na huko bei yake huwa juu. Usivunjike moyo. Kazi ya tui inaweza kufanywa na maziwa mazima ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa. Ladha itabadilika, ila mkate utaumuka na kukatika vilevile. Ongeza iliki kidogo.

Penye ndizi mbivu nyingi kuna mfano mzuri wa Uganda. Wenzetu wa huko huponda ndizi ndogo tamu, wakachanganya na unga wa muhogo, wakakata vimkate vya duara na kuvikaanga. Huviita kabalagala. Havina sukari ya kuongeza, maana ndizi yenyewe inatosha, wala havina ngano. Vipange vimkate hivyo kwenye sinia kwa umbo la tarakimu ya umri wa mtoto, 5 au 7, vikigusana. Hapo navyo vinakuwa kitu kimoja, na mtoto anaweza kuwa wa kwanza kukitoa kimoja na kumlisha mama yake.

VITAMU VYA PEMBENI

Mkate ukiwa katikati, sinia huhitaji rangi kuuzunguka. Chagua kimoja au viwili tu, usije ukajikuta umerudi kwenye gharama ile uliyoikimbia.

Kashata za nazi ndizo rahisi. Chemsha vikombe 2 vya sukari na nusu kikombe cha maji mpaka iwe nzito na kunata. Tia vikombe 2 vya nazi iliyokunwa na iliki, ukoroge bila kuacha mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, sawazisha, kata vipande ukiwa bado una uvuguvugu. Ukigawa mara mbili na kutia rangi ya chakula upande mmoja, utapata nyeupe na waridi. Kazi ya kupanga vipande wape watoto wakubwa.

Kaimati nazo hupendeza zikijengwa kama kilima kidogo kwenye sahani na kumwagiwa shira. Lakini huliwa siku ileile, kesho yake zimelala.

Tende zilizotolewa kokwa, vipande vya embe, nanasi na papai havihitaji moto hata kidogo, na huleta rangi nzuri kuliko pipi.

TAHADHARI KWA WATOTO WADOGO

Watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima wala ubuyu wenye kokwa, maana huweza kuwapalia. Kashata za karanga zibaki kwa wakubwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Sukari nayo ina kipimo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama vijiko vidogo 6, na kwa mtoto ni pungufu. Hatuna haja ya kuhesabu vijiko siku ya sherehe, lakini penye mkate, kashata na shira, soda haina kazi. Weka maji safi, au maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi. Mtoto mwenye kisukari aandaliwe kwa ushauri wa daktari wake, na kipande chake kihesabiwe katika mlo wake wa siku.

MWANDAE MTOTO MAPEMA

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mkate mzuri hauwezi kumridhisha mtoto aliyekuwa akingoja keki hadi dakika ya mwisho. Atauona kama adhabu, nawe utaumia moyoni.

Mwambie ukweli wiki moja kabla, kwa maneno machache na bila kunung'unika. Sema, "Mwanangu, mwaka huu tutapika mkate wako wenyewe hapa nyumbani, na wewe utanisaidia." Usimsemee kwamba baba hana fedha, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto wa miaka 6 haelewi bei ya siagi, ila anaelewa sauti ya mama yake. Akisikia aibu katika sauti hiyo, naye ataona aibu. Akisikia furaha, ataibeba mpaka shuleni.

Akilia, mwache alie kidogo. Kutamani kitu si utovu wa adabu. Kisha mpe kazi: achague mchele, amenye iliki, achague rangi ya kashata. Mtoto aliyeloweka mchele usiku huamka mapema kuutazama, na mkate anaousubiri unakuwa wake kabla haujaiva.

Akina baba nao wana sehemu yao. Kuna nyumba ambamo mama hupanga vizuri, kisha baba akaingia jioni na kuuliza mbele ya wageni, "Keki iko wapi?" Kaeni pamoja mapema mkubaliane.

SAA YENYEWE IKIFIKA

Uandae mkate kwa heshima ileile ambayo ungeipa keki. Uweke kwenye sinia pana juu ya kitambaa safi, na ufunikwe mpaka wageni wote wakusanyike. Maua ya bustani au majani ya mgomba yaliyooshwa yanaweza kuzunguka sinia. Mishumaa myembamba husimama vizuri juu ya mkate uliopoa. Ikishindikana, isimamishe kwenye nusu za chungwa kando yake.

Baba au bibi aseme maneno machache juu ya siku mtoto alipozaliwa: kulikuwa na mvua au jua, nani alikuja kumwona kwanza, jina lake lilitoka wapi. Watoto hupenda habari hizi kuliko tunavyodhani, na hazina gharama. Familia iombe kwa kifupi kushukuru kwa ajili ya mwaka uliopita. Kisha mtoto apuzie mishumaa, ashike kisu, mkono wa mama ukiwa juu ya mkono wake, akate.

Kipande cha kwanza amlishe amtakaye.

Mama mpendwa, madeni ya sherehe hulipwa na watoto walewale tuliotaka kuwafurahisha, kwa mlo uliopungua na ada iliyochelewa. Mchele vikombe viwili, nazi na iliki kidogo havitakupeleka huko. Loweka mchele usiku wa kuamkia siku yake, na umwite mtoto aje atie mkono.